Wiki Moja na Mandolini ya Bwana Hasmukh

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
30 Aprili, 1954

Mpendwa Kaka Anselmi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo.

Kwanza mguu. Barua yako ya mwezi wa pili ilisema uvimbe umepungua, lakini mimi nakujua, Kaka. Hata ukikatwa mguu utaandika kwamba unapungua. Niambie kweli, unafika darasani bila fimbo? Na Shemeji amejifungua salama? Wa kike au wa kiume, na mmempa jina la nani? Hapa tumengoja habari mpaka tumechoka. Najua barabara ya Njombe haipitiki kwa matope, sikulaumu.

Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Masika yametukalia kooni. Uani kwetu pamekuwa ziwa, na mama mwenye nyumba amepanga matofali kutoka mlangoni hadi chooni, kila mtu anaruka kama chura. Evarista mke wangu ni mzima, watoto wana mafua tu. Kazi yangu ni ile ile, cherehani barazani kwa Bwana Hasmukh, mtaa wa Kichwele, mwaka wa saba sasa.

Shangazi Severa ni mzima kupita sisi sote. Tangu uliponiletea nimtunze baada ya matanga ya Baba, amenenepa na ametutawala. Anakwenda kanisani Msimbazi kila alfajiri hata mvua inyeshe mawe. Pasaka hii alirudi na chupa kubwa ya maji ya baraka, ile chupa ya mafuta ya taa aliyoiosha kwa majivu siku tatu. Padri alipoiona alimwuliza kama anataka kubatiza kijiji. Evarista alicheka sana, mimi pia. Sasa sicheki.

Kaka, nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jambo lenyewe ni mandolini ya Baba.

Unakumbuka siku ya kumaliza matanga ulivyosimama mbele ya wazee. Ulisema, mandolini hii ni ya nyumba ya Pantaleo, Vitalis ataishika kwa kuwa ndiye ajuaye kuipiga, lakini haiuzwi, haigawiwi, wala haiazimwi bila wewe kujua. Nami niliitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa. Nakumbusha ili ujue kwamba sikusahau. Hilo sitalisingizia.

Sasa sikiliza ilivyoanza. Klabu yetu ya dansi imenunua tarumbeta. Marcelino, mtu wa Masasi, ndiye kiongozi wetu na ndiye anayelipuliza, na akianza kupuliza hata mbwa wa Ilala wanajibu. Mandolini ya Baba haina ubavu huo. Wewe unajua sauti yake, ya chini, laini, sauti ya mtu anayeongea na mkewe jikoni. Zaidi ya hayo shingo imepinda kidogo, na pale kwenye sehemu ya saba ya kubania vidole uzi unakwaruza. Mimi nimezoea kuuteleza uzi ule nisiuguse, hata watu wanadhani ni maringo yangu ya kupiga.

Mwezi uliopita Marcelino aliniambia mbele ya wote, "Vitalis, hiyo yako inalia kama mbu nje ya chandarua. Tunajua yupo, lakini nani anamsikiliza?" Watu walicheka. Nilicheka nami, maana ningefanya nini? Akasema dansi ya vunja jungu, kabla Waislamu hawajaanza kufunga, kama sina chombo cha maana nitatikisa manyanga. Mimi, mtoto wa Pantaleo, nitikise manyanga kama yaya anayebembeleza! Nilikosa usingizi, Kaka, na aibu yenyewe sikumwambia hata Evarista.

Hapo ndipo Bwana Hasmukh alipoingia. Unamjua kwa barua zangu tu. Ni Mhindi mwenye duka la nguo ninakoshonea, mtu mzima, mpole, mkali wa yadi lakini si wa maneno. Yeye naye ni mpigaji. Ana mandolini ya Kitaliano aliyoinunua Unguja kwa Mgoa mmoja ujana wake, na ndani kuna karatasi iliyoandikwa mwaka 1889. Kaka, chombo kile! Tumbo lake ni la duara, limeundwa kwa mbavu nyembamba za mbao zilizogundishwa bega kwa bega, kama vipande vya chungwa. Ukigusa uzi mmoja, chumba kizima kinageuka kukutazama.

Lakini Bwana Hasmukh ana baridi yabisi. Vidole vimevimba, na nyuzi za Mtaliano, ndivyo ninavyoiita mandolini ile, ziko juu na ni kali. Miaka mitatu hajapiga. Tena alikuwa anaondoka moja kwa moja, meli ya tarehe 29, kwenda kukaa kwa binti yake Bara Hindi, duka anamwachia mpwa wake Pankaj. Siku moja mvua imetufungia barazani akaiomba mandolini ya Baba aijaribu. Nyuzi zake ziko chini, unajua, hazitaki nguvu. Akapiga. Vidole vile vibovu vikapiga, Kaka, taratibu, na mkewe Taraben akatoka ndani na unga wa chapati mikononi akasimama mlangoni.

Akaniambia, "Fundi, tubadilishane. Bila senti." Nilidhani ananitania. Chombo cha miaka sitini na tano kwa chombo ambacho Baba alikichonga misheni kwa mninga na ubao wa sanduku la chai! Akasema, "Yangu ni nzuri, lakini hainitaki tena. Yako inanitaka."

Nilisema nitafikiri. Akasema chukua yangu wiki moja, niachie yako, siku ya Jumatano kabla ya meli unipe jibu. Na aliniusia jambo moja tu, nisiifikishe kwenye maji, kwa kuwa gundi yake ni ile ya zamani ya ngozi na mifupa, ikilowa imekwisha. Basi Jumatano ya tarehe 21 nikaibeba nyumbani chini ya koti, imeviringishwa kwenye shuka la mpira, mimi nimelowa chapachapa na yenyewe kavu kama mfupa.

Hapo nimeshakukosea mara ya kwanza. Niliiazima mandolini ya Baba bila wewe kujua. Nilijiambia nitakupigia telegramu. Nilikwenda posta, nikauliza itachukua siku ngapi kutoka boma la Songea hadi kwako, karani akanitazama akasema labda mpaka apatikane mtu anayekwenda huko. Nikarudi. Hata ningeipiga, ningeandika nini kwa maneno kumi?

Jumamosi nilipiga Mtaliano kwenye dansi. Lo! Tarumbeta lilikutana na mwenzake. Watu waligeuka, Marcelino alinikumbatia, akina dada walikuja karibu na jukwaa kuona ni nani. Ningesema uongo nikisema sikufurahi. Lakini kila nilipofika ile sehemu ya saba, kidole kiliteleza kama kilivyozoea, na palikuwa hapana kitu cha kukwepa. Ikasikika kama kosa. Nikajilazimisha kunyoosha, ikatoka safi, kama santuri. Mtu mmoja akanisifu kwamba leo napiga kama watu wengine. Nikarudi nyumbani na sifa ile imenikwama kifuani.

Evarista alinitazama asubuhi, akatoa methali aliyoiokota kwa majirani zetu wa hapa, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikasirika, nikamwambia haelewi muziki. Lakini Jumapili baada ya misa nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nitamrudishia Bwana Hasmukh yake, nitachukua ya Baba, na manyanga nitatikisa. Nilikuwa na amani, Kaka. Nakuapia kwa kaburi la Baba, nilikuwa nimesema hapana.

Jumanne Shangazi aliniletea chakula dukani. Huwa haji, siku hiyo Evarista alikuwa na mtoto mgonjwa. Alipochungulia ndani aliona mandolini ya kaka yake imewekwa juu ya rafu, mbele ya zile picha zao za miungu, imepakwa unga mwekundu usoni na kuvishwa shada la maua ya manjano. Aliweka bakuli, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye pindo la suruali, niliona miguu yake tu.

Baadaye nilimwuliza Pankaj, akanieleza kwamba ni mke wa mjomba wake, Taraben, aliyefanya. Kwao chombo cha muziki hakiingii nyumbani hivi hivi, kinakaribishwa kama mgeni, tena hiki huenda kikasafiri. Ilikuwa heshima. Unga wenyewe unapanguswa kwa kitambaa ukapotea. Nilifurahi hata, nikasema Baba amepata maua mara mbili.

Jioni saa kumi na mbili narudi, nakuta Mtaliano uani, juu ya kiti, anaanikwa kama muhogo.

Shangazi alikuwa amekaa pembeni na rozari, ametulia, uso wa mtu aliyemaliza kazi. Aliniambia, "Nimeitoa. Usiogope tena." Nikauliza umeitoa nini. Akasema kama nyumba ile inawapa vyombo miungu yao, basi na hiki kilichotoka kwao kimekwisha tolewa kwa miungu hiyo, na watoto wanalala nacho chumba kimoja. Kwa hiyo alichukua maji ya Pasaka. Nikamwuliza, "Ulinyunyiza, Shangazi?" Akasema kunyunyiza ni kwa vitu vya juu juu. Shetani hakai juu, anakaa ndani. Alimimina kwenye tundu, Kaka. Nusu chupa. Akaitikisa ili yafike kila mahali, akayamwaga, kisha jua likatoka, lile jua kali la baada ya mvua, akaianika mpaka jioni.

Mbavu tatu zilikuwa zimeachana. Ungeweza kupitisha kidole. Uso umevimba na kufanya kibyongo, ile karatasi ya 1889 imekuwa uji. Nilipiga uzi mmoja, ukatoa sauti ya debe.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo. Yeye akanishika mkono akasema, "Kaka yangu Pantaleo angefurahi." Ungemwambia nini wewe? Ni dada wa Baba, ndiye aliyemfumba macho. Nikasema, ahsante Shangazi. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, Evarista akaja, akaona uso wangu, akakaa kando.

Nilimkimbilia seremala wa Gerezani kabla hajafunga. Akaigeuza, akaguna, akasema wiki tatu, kwa gundi ambayo hana, na haahidi. Nilichoweza mimi ni kazi yangu. Nikakata tepe za nguo ya marekani, nikaifunga tumbo kama mtoto aliyetoka kitovu, nikaishonea mfuko wa kaniki usiku ule ule, mfuko mzuri tu, wenye vifungo.

Jumatano nikaenda. Njiani nilipanga maneno. Nitamweleza yote, nitapiga magoti ikibidi, nitasema kata mshahara wangu wa mwaka, lakini nipe ya Baba. Nilikuwa nayasema kwa sauti mpaka watu wa Kichwele wakanipisha.

Nilimkuta amekaa juu ya kasha lililopigiliwa misumari, vitu vyake vyote vimefungashwa, anapiga mandolini ya Baba. Tena wimbo ule wa Baba wa mavuno, alioukamata kwa kunisikiliza barazani miaka yote ile. Alikuwa anapakosea pale pale Baba alipokuwa akipakosea, kwa sababu mimi nilivyoupiga ndivyo Baba alivyonifundisha. Nilisimama mlangoni nikisikiliza.

Aliponiona hakuiacha. Akamgeukia Pankaj akasema, "Huyu fundi umtunze. Miaka saba hajanidanganya hata nusu yadi." Akisha sema hivyo, ndipo akaniuliza, "Haya fundi, unasemaje? Tubadilishane, au turudishiane?"

Kaka, niliuangalia ule mfuko mkononi mwangu. Nikisema turudishiane, lazima nifungue vifungo. Nifungue mbele ya Pankaj, mbele ya Taraben aliyempamba Baba maua, nieleze kwamba kwetu heshima yao tuliiita shetani, tukaimiminia maji mpaka chombo cha maisha ya mzee huyu kikafa siku mbili kabla hajasafiri. Nieleze kwamba ni Shangazi. Nilitafuta lile neno la kwanza, nilikuwa nimelipanga vizuri, silioni.

Nikasema, "Tubadilishane."

Akasimama, akanishika mikono miwili, akalia. Mimi pia nililia na wao wakadhani tunalia kilio kimoja. Taraben akanipa pipi zao za maziwa kwenye sahani ya shaba niwapelekee watoto. Hakuna aliyeomba mfuko ufunguliwe.

Jana niliisindikiza meli kwa macho tu, kutoka upande wa forodhani, nimejichanganya na wachukuzi. Mizigo yote ilibebwa. Mandolini ya Baba hakuiachia mchukuzi, aliikumbatia mwenyewe kifuani, juu ya koti jeupe.

Kesho ni vunja jungu. Marcelino ameshatangaza mtaani kwamba klabu yetu ina chombo kutoka Ulaya. Nitapanda jukwaani na debe lililofungwa bandeji, na baada ya hapo manyanga, na pengine hata manyanga wataninyima. Hilo halinitishi sana sasa. Wala sikuombi ushauri, Kaka, maana ushauri wako utafika mwezi wa sita.

Jambo moja tu nakuomba. Shangazi hajui. Anadhani nimemrudishia Mhindi yake, na tangu jana ananiuliza mandolini ya kaka yake inakuja lini, amekwisha safisha mahali pa kuitundika. Nimemwambia kesho. Asubuhi hii ameuliza tena, nikamwambia kesho. Mimi si mtu wa kumwambia kwamba aliyeitoa nyumbani mwetu ni yeye, na si mtu wa kumwambia kwamba ni mimi. Wewe ndiye mkubwa. Ukimaliza kunikasirikia, mwandikie yeye barua yake mwenyewe. Sema uliiuza wewe. Sema wewe ndiye uliyeamuru. Hakuna mtu mwingine duniani atakayemwamini.

Nisalimie Shemeji na huyo mgeni tusiyemjua jina, dada Hyasinta na mumewe, na wazee wote waliokuwepo siku ya matanga, ila wakiuliza habari za mandolini waambie tu kwamba sijambo. Mungu aunyooshe mguu wako na akujalie moyo mpana kuliko wangu.

Wako akupendaye, hata kama wewe utashindwa kwa muda,

Mdogo wako,
Vitalis Pantaleo